BCom Si Kimbilio la Watoto Waliotoroka Hesabu

Januari 2026 lile darasa la kwanza la mtaala mpya wa CBC liliingia Gredi ya 10, na kila mtoto akawa ameshachagua njia yake: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), sayansi za jamii, ama sanaa na michezo. Somo la biashara limewekwa kwa sayansi za jamii. Wizara ilikuwa imesema inatarajia kama asilimia 60 ya watoto waende STEM, 25 sayansi za jamii na 15 sanaa na michezo, na wazazi wengi wa hapa Nairobi wakazisoma hizo namba kama msimamo wa ligi, wakali juu, wa wastani katikati, wa mpira na ngoma chini. Kwa magrupu ya WhatsApp ushauri ni ule ule, kama hesabu inamkataa mtoto wako usimsumbue, mpeleke biashara, baadaye atafanya BCom, ile digrii ya biashara, na hiyo ni kozi ya kuongea tu. Halafu kuna kikosi kingine huko mtandaoni kinachosema BCom ifutwe kabisa, ati mtu anakaa chuo miaka minne na akitoka hawezi hata kuendesha kibanda cha mayai na smokie. Ukiwasikiliza utadhani wanapingana, kumbe kosa lao ni moja, hakuna aliyewahi kufungua daftari la mwanafunzi wa BCom akaangalia ni nini hasa kinafundishwa pale.

Msimamo wangu ni huu. Kwa sehemu kubwa digrii ya biashara inafundisha kushika mali ya watu wengine, yaani pesa yao, stoki yao, wafanyikazi wao, na kuamua kwa niaba yao, halafu kuacha maandishi ambayo mtu ambaye hakuwepo anaweza kuja baadaye akayakagua na akajua ulifanya nini na kwa nini. Kazi hiyo inataka hesabu kwanza, sheria pili, na kuelewa binadamu tatu. Kuanzisha biashara yako mwenyewe kumewekewa yuniti moja ama mbili hapo na basi. Kwa hivyo anayemtuma huko mtoto anayechukia hesabu anamtafutia balaa, na anayelaumu hiyo digrii kwamba haijazaa matajiri wa soko la Gikomba analaumu kitu kwa kazi ambayo hakikupewa.

Chukua matatu, kwa sababu hakuna mtu wa Nairobi asiyeielewa. Mwenye gari yuko kwake Kahawa Sukari, ama hata yuko ng'ambo, gari iko barabarani tangu alfajiri mpaka usiku, na hana njia ya kujua imebeba watu wangapi. Kwa hivyo anawawekea dereva na makanga tageti ya siku, walete kiasi fulani, kitakachobaki ni chao. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ama wa tatu anaonyeshwa kwamba huo ni mkataba, na tatizo lililo ndani yake, la mwenye mali asiyeweza kumwona wakala wake, ndilo wasomi wawili, Jensen na Meckling, waliliandikia mwaka 1976 wakizungumzia mameneja na wenye hisa wa makampuni. Anaonyeshwa pia matokeo: siku mbaya inamuumiza dereva, gari kuharibika kunamuumiza mwenye gari, basi dereva anakimbia vile anakimbia na matuta hayamhusu. Ukitaka abadilike kumfokea hakusaidii, itabidi ubadilishe mkataba, umlipe mshahara, ama nauli ipite kwa mfumo unaoonekana, na kila njia ina gharama yake na kuna mtu atakayeipinga. Serikali ilijaribu nauli za kadi mwaka 2014 na mpango ukafa, teknolojia ilikuwepo lakini watu wengi waliokuwa wakiishi kwa ile pesa isiyoonekana hawakuwa na sababu hata moja ya kuikubali. Kufikiria namna hiyo, kuuliza nani anajua nini na nani anabeba hasara, ndiko kunakotafutwa kwa miaka hiyo minne, ingawa kusema kweli kuna wanaomaliza bila kugundua.

Sasa tuingie darasani. Mwaka wa kwanza karibu kila chuo mwanafunzi anakutana na uhasibu, uchumi, hesabu za biashara na takwimu, pamoja na zile yuniti za kila mtu kama mawasiliano. Uhasibu wa mwanzo umesimama juu ya utaratibu ambao mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, aliuchapisha Venice mwaka 1494, kila shughuli inaandikwa mara mbili, debiti na krediti, imetoka wapi na imeenda wapi. Wanafunzi wanaichukia hii kitu, mizania imekataa kulingana, ni saa saba usiku na CAT, ule mtihani mdogo wa katikati ya muhula, ni kesho. Lakini huo ubishi wa mizania ndio somo lenyewe, maana unakuzoesha kwamba pesa haipotei hewani, kama haionekani basi kuna mahali haijaandikwa ama kuna mtu ameishika. Kwenye uchumi wanachora ile mistari miwili ya mahitaji na ugavi ambayo kila mtu anaidharau, halafu wanafundishwa kinachotokea serikali ikiweka bei ya juu kabisa isiyopaswa kupitwa. Sisi tuliiona kwa macho: 2016 sheria ikafunga riba ya mabenki isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, wananchi tukashangilia, mabenki yakaamua kukopesha serikali badala ya mwenye duka, na Novemba 2019 hiyo sheria ikaondolewa. Mwanafunzi aliyeelewa ule mchoro angeweza kukuambia mapema kwamba mkopo utakuwa wa bei rahisi lakini hautapatikana.

Hesabu zenyewe si za kuzidisha na kutoa tu. Kuna kalkulasi, unatafuta gharama ya bidhaa moja zaidi na mahali faida inafika kilele, kuna matriksi, kuna zile hesabu za kupanga rasilimali chache kwa kazi nyingi, kuna riba ya kujirudia. Hiyo ya mwisho peke yake ingefundishwa kila mtu anayetumia simu. Mkopo wa asilimia 10 kwa mwezi unasikika mdogo, ukiuacha ujirudie mwaka mzima shilingi 100 inakuwa karibu 314, yaani riba ya asilimia 214 kwa mwaka, na kuna watu wenye digrii za mambo mengine mazito kabisa ambao wamekuwa wakizungusha hiyo mikopo ya apu na wanadhani wanalipa kumi. Takwimu nayo inafundisha kitu ambacho nchi hii inakihitaji sana kuliko inavyokubali, kwamba watu 200 waliojibu swali kwa grupu lako si Kenya, na kwamba vitu viwili kupanda pamoja haimaanishi kimoja kimeleta kingine.

Sheria ndio sehemu watu hawaijui kabisa. Mwanafunzi wa BCom anasoma kesi. Anasoma Carlill ya 1893, ile kampuni ya London iliyotangaza gazetini kwamba itamlipa pauni 100 yeyote atakayetumia dawa yake na bado apate homa, mama mmoja akaitumia, akapata homa, akadai pesa yake na mahakama ikasema alipwe, tangazo lilikuwa ahadi. Anasoma Salomon ya 1897, mshona viatu aliyegeuza biashara yake ikawa kampuni, na mahakama ikashikilia kwamba kampuni ni mtu tofauti na mwenyewe. Kesi za Uingereza za zamani hivyo zinatuhusu nini? Zinatuhusu kwa sababu sheria yetu ya mikataba imejengwa juu ya hiyo ya Waingereza, na kwa sababu Sheria ya Makampuni ya 2015 inamruhusu mtu mmoja peke yake kusajili kampuni, kwa hivyo River Road na Luthuli kumejaa makampuni ya mtu mmoja ambapo mwenyewe analipa karo ya mtoto kutoka akaunti ya kampuni na hajui kwamba kisheria ameshika pesa ya mtu mwingine. Wanaochukua rasilimali watu wanaingia kwa Sheria ya Ajira ya 2007, kwamba huwezi kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu ama utendaji mbaya bila kumpa nafasi ajitetee, na ukipunguza wafanyikazi kuna notisi ya mwezi na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Wajiri wangapi wa hapa mjini wamelipishwa na mahakama kwa kutojua hayo mawili tu!

Mwaka wa tatu ndio watu wanagawana, wengine uhasibu, wengine fedha, masoko, bima, ununuzi, na hapo ndipo naona utamu wenyewe uko. Nikipewa mhadhara mmoja wa kuwaonyesha wanaodharau kozi hii ningefundisha ile supamaketi ya Nakumatt iliyoanguka. Supamaketi ni biashara ya ajabu, mteja anakulipa papo hapo na wewe unamlipa msambazaji wako baada ya siku sitini ama tisini, kwa hivyo wakati wote unakaa na pesa ambayo si yako. Ukifungua tawi jipya unapata bidhaa mpya kwa mkopo, unaziuza taslimu, na hizo taslimu zinalipa deni la tawi la zamani. Ukiendelea kufungua matawi kila mtu anaona unakua. Tatizo ni kwamba rafu, majokofu na nyumba ni vitu vya miaka mingi, na ukivinunua kwa deni la miezi mitatu siku utakayopunguza kasi kidogo tu kila mtu anakuja mlangoni pamoja. Nakumatt ilipanuka hadi nchi jirani, ikawa na matawi zaidi ya sitini, ikawekwa chini ya msimamizi Januari 2018 na wadai wakapiga kura ya kuifunga Januari 2020, madeni yakiwa zaidi ya shilingi bilioni 30. Walioumia zaidi ni wale wasambazaji wadogo, wa mayai, wa mboga, wa mikate, ambao hawakuwa na dhamana yoyote. Kanuni ya kwamba kitu cha muda mrefu kilipiwe na pesa ya muda mrefu iko kwa kitabu chochote cha fedha cha mwaka wa tatu. Kuna atakayesema mbona Nakumatt ilikuwa imejaa wahasibu wenye digrii na bado ikaanguka, na ni swali zuri, lakini jibu lake linarudi pale pale kwa matatu: kujua ni kitu kimoja, na aliye na uwezo wa kumwambia mwenye kampuni hapana ni kitu kingine. Ndio maana kuna yuniti za ukaguzi na usimamizi wa kampuni, ambazo wanafunzi huziona kama za kulala.

Kuhusu asili ya haya yote nitapita haraka. Shule ya kwanza ya biashara ndani ya chuo kikuu Marekani ni Wharton, 1881, na Harvard ikafuata na ile ya uzamili 1908. Kwa miaka mingi nyingi ya hizo shule zilikuwa za kufundisha ujuzi wa kazi juu juu, mpaka 1959 ambapo ripoti mbili, moja ya wakfu wa Ford na nyingine ya Carnegie, zilizichapa vibaya, zikasema viwango viko chini, wanafunzi ni dhaifu, na zikataka hesabu, takwimu, uchumi na sayansi ya tabia za watu viingizwe kwa nguvu. Vyuo vya huku vilirithi umbo hilo. Kwa maneno mengine, lile lalamiko la kwamba kozi ya biashara ni nyepesi lilishatolewa zaidi ya miaka sitini iliyopita, na hesabu iliwekwa humo kama dawa yake.

Sasa hoja za wapinzani, na nianze na ile dhaifu kabisa ambayo ndio maarufu kabisa: wafanyibiashara wa Gikomba, Eastleigh na Kamukunji hawana digrii na wana pesa kuliko maprofesa. Ni kweli wapo. Lakini wewe unahesabu waliobaki wamesimama. Utafiti wa KNBS, shirika la takwimu la serikali, wa 2016 ulipata biashara ndogo na za kati kama milioni 7.4, nyingi hazina hata leseni, na ukapata kwamba katika miaka mitano biashara kama milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa, na kukosa pesa ya kuendeshea ndio sababu iliyotajwa sana. Hao milioni mbili hatuwaoni kwa mahojiano ya mafanikio YouTube. Sisemi wangekuwa na BCom wangepona, wengi waliuawa na mambo ambayo hakuna darasa linayatibu, hospitali, karo, kodi ya stoo, bomoabomoa. Ninasema kwamba mfano wa waliofaulu bila shule haukuambii lolote kuhusu thamani ya shule mpaka uwaweke kando ya walioanguka bila shule.

Na kuna hii ambayo naipenda kwa sababu unaweza kuihesabu mwenyewe kwa simu. Tangu Julai 2023 kodi ya mauzo kwa biashara zinazouza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka ni asilimia 3 ya mauzo yote, si ya faida. Mwenye duka Umoja anauza 300,000 kwa mwezi, na baada ya stoki, kodi ya nyumba na stima anabaki na asilimia 5, yaani 15,000. Kodi ya mauzo ni 9,000. Anabaki na 6,000, na anadhani serikali imemuua. Lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu aombe kutozwa kodi ya kawaida ya mapato, na kwa viwango vilivyopo faida ya 180,000 kwa mwaka, kama hana mapato mengine, inatozwa asilimia 10 ambayo ni 18,000, halafu nafuu ya binafsi ya 28,800 inaimeza yote. Kodi sifuri. Tofauti ni shilingi 108,000 kwa mwaka na sharti lake ni kuweka vitabu na risiti za eTIMS, ule mfumo wa risiti wa KRA, za matumizi yake. Huyo mama wa duka hahitaji digrii, anahitaji mtu mmoja mtaani aliyesoma uhasibu na kodi na ambaye atamwekea vitabu kwa bei ya haki. Hiyo ndiyo kazi ya mhitimu wa BCom, na mtaa wa maduka mia mbili una nafasi ya watu wawili watatu wa aina hiyo. Kwa nini hawapo hapo ni swali nzuri zaidi kuliko kwa nini hawajafungua duka lao.

Hoja ya pili ina nguvu na siwezi kuifukuza: kwamba vitu vyenyewe ni vizuri lakini vinafundishwa vibaya. Hapa nakubali karibu yote. Darasa lina mamia ya watu, lekchara ana vyuo vitatu kwa wiki moja, noti zimetoka kwa mwanafunzi hadi mwanafunzi mpaka mifano iko kwa dola na viwanda vya Chicago. Wanafunzi wanakariri majaribio ya Hawthorne, yale ya taa na wafanyikazi kati ya 1924 na 1932, na hakuna anayewatuma Industrial Area wakaangalie zamu ya usiku inavyopangwa. Mshahara unafundishwa kwa mfano wa kitabu wakati payslip ya hapa ina NSSF ya uzeeni, ina SHIF ya matibabu ya asilimia 2.75 iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ina makato ya nyumba ya asilimia 1.5 ambayo mwajiri naye analipa kiasi hicho hicho, na PAYE, kodi ya mshahara, juu yake, mtu anaweza kumaliza chuo bila kuwahi kuandaa hata moja. Kazi ya vikundi inafanywa na mtu mmoja na wengine wanaandika majina. Projekti ya mwaka wa nne, ambayo ingekuwa ndio kilele, inanunuliwa saiba kama vile unavyofotokopi kitambulisho, na kila mtu anajua, na kila mtu ananyamaza. Mimi mwenyewe niliwahi kupelekwa atachimenti ambapo kazi yangu kubwa ilikuwa kupanga mafaili na kununulia watu chai, na ripoti iliyosema nimepata ujuzi wa usimamizi wa fedha ikapigwa muhuri bila mtu kuinua macho. Lakini angalia vizuri hiyo hoja inakoelekea. Inataka uhasibu ufundishwe kwa payslip halisi, fedha ifundishwe kwa ripoti za mwaka za makampuni yaliyo kwa soko la hisa la Nairobi ambazo ni za bure, sheria ifundishwe kwa hukumu za mahakama ya ajira ambazo pia ziko wazi. Ni hoja ya kuongeza uzito. Wanaoitumia kusema kozi ifutwe wameigeuza kichwa chini.

Ya tatu ni ya kazi. Wahitimu ni wengi, nafasi ni chache, na CPA, ile mitihani ya uhasibu, inaonekana inatosha. KASNEB, bodi ya kutahini wahasibu, iliundwa 1969, na kisheria BCom peke yake haikufanyi uwe mhasibu wa kutia sahihi, lazima upitie huko na ICPAK, chama cha wahasibu. Ndio sababu jioni ukipita mjini utaona wanafunzi wa chuo wakiingia madarasa ya CPA baada ya madarasa ya mchana. Mzazi anauliza, si afanye CPA tu tusilipe mara mbili? Kwa mtoto anayejua kwa hakika anataka uhasibu, na pesa ni ngumu, mimi sina ugomvi na hilo, aende. Ila CPA inachimba shimo refu mahali pamoja, digrii inachimba sehemu nyingi, na mtu wa miaka 18 mara nyingi hajui bado atafanya nini. Kuhusu ukosefu wa kazi wenyewe, huo unatokana na uchumi kutozalisha kampuni za ukubwa wa kati zinazohitaji mtu wa fedha, mtu wa wafanyikazi na mtu wa mauzo. Nyingi ni za mtu mmoja ama ni kubwa sana, katikati kuna pengo. Kubadilisha silabasi hakuwezi kuziba hilo pengo, wala kuwahamisha watoto wote kwa uhandisi, watakutana nalo huko huko.

Kuna pia hii ya kwamba AI sasa itafanya yote. Kuingiza debiti na krediti programu zilishaanza kufanya zamani, na bado watu wanafilisika wakiwa na programu nzuri kabisa. Mashine itakuandikia mpango wa biashara wa kurasa thelathini ndani ya dakika moja, kwa hivyo sasa tunahitaji zaidi mtu wa kusoma kurasa hizo na kusema mauzo haya ya mwezi wa tatu yametoka wapi. Huyo mtu amefundishwa kutilia shaka namba. Yule wa kuandika tu ndiye ana shida, na hapo nakubali kuna wahitimu wengi ambao chuo kiliwafundisha kuandika tu.

Turudi Gredi ya 10, kwa maana huko ndiko jambo hili litaamuliwa kimya kimya. Aprili 2025 Wizara ilitangaza kwamba hesabu itakuwa ya lazima kwa wote senior school, lakini za aina mbili, ile nzito kwa wa STEM na ile ya msingi kwa wa njia zingine. Mtoto wa biashara, kwa kukaa sayansi za jamii, ameelekezwa kwa ile nyepesi. Mwaka 2028 atamaliza Gredi ya 12, na 2029 anaingia chuo ambapo yuniti ya kwanza kwenye ratiba ina kalkulasi. Kitakachofuata ni moja kati ya mawili, ama chuo kimrudishe nyuma kwanza, ama kipunguze hesabu ili watu wapite, na kwa vile vyuo vinahitaji idadi ya wanafunzi ndio vilipe mishahara, nadhani sote tunajua ni kipi kitachaguliwa. Juu ya hapo mfumo wa CBC wa 2-6-3-3-3 unahesabu miaka mitatu ya chuo, siyo minne. Mwaka mzima utakatwa mahali. Mtu akikata bila kufikiria atakata vitu vigumu kwa sababu ndivyo vinafelisha watu na kuleta sapu, yaani mitihani ya kurudia: takwimu ya pili, hesabu za kupanga rasilimali, sheria ya makampuni, na kuacha yuniti za uongozi ambazo zinarudia slaidi zile zile kwa majina tofauti.

Mimi ningekata kinyume chake. Kanuni za usimamizi, tabia za watu kazini na uongozi zina mengi yanayofanana kiasi kwamba mbili zinatosha badala ya nne, yuniti ya mikakati ibaki mwishoni, projekti ya kununuliwa iondolewe kabisa na badala yake kila mwanafunzi apewe duka moja ama karakana moja ya Kamukunji aiwekee vitabu miezi sita, na mtihani wake uwe mwenye duka na lekchara wamekaa pamoja wakimuuliza maswali. Hesabu na sheria zisiguswe. Na kabla ya hayo yote, mzazi ambaye mtoto wake amechagua biashara aende shuleni muhula huu aulize kama anaweza kuchukua ile hesabu nzito, na akiambiwa haiwezekani aulize ni nani aliyeamua hivyo, maana Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na KICD, wale wanaotunga mtaala wa shule, bado wana muda wa kukaa meza moja kabla ya 2029 na mpaka sasa sijaona dalili kwamba hilo swali liko mezani.